Zahanati za Mombasa ziwahesabu wagonjwa wasiorudi

Faili ya mgonjwa katika zahanati nyingi za Mombasa ni daftari la shule. Mgonjwa hulinunua dukani njiani. Juu huandikwa jina, umri na mtaa, na ndani kila tabibu huandika alichokiona siku hiyo: uzito, joto, kipimo, dawa. Likilowa mvua za masika, likisahaulika kwenye matatu, au mtoto wa nyumbani akilichana kutengeneza ndege, historia yote ya mgonjwa imekwenda nalo. Wiki inayofuata hununuliwa jingine, na tabibu huanza ukurasa wa kwanza kana kwamba mtu aliye mbele yake hajawahi kuugua.

Kumfikisha mgonjwa mlangoni tumejitahidi. Kumrudisha bado. Na kazi kubwa ya afya ya msingi, kwa mtoto na kwa mtu mzima, iko katika safari ya pili, ya tatu na ya kumi. Hapo ndipo inapojulikana kama presha imeshuka, kama dawa inamsumbua mtu kimyakimya, kama mtoto aliyekuwa akihema juzi leo anapumua vizuri. Safari ya kwanza tabibu huchagua njia. Safari ya pili ndiyo humwonyesha kama njia ni hiyo.

Milango yenyewe ipo. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaitaja kazi ya kukuza huduma za afya za msingi kuwa ya kaunti, na Juni 2013 ada zilifutwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma kote nchini. Ngazi zinajulikana: ya 1 ni nyumbani kwetu na wahudumu wa afya ya jamii, ya 2 ni zahanati, ya 3 kituo cha afya, ya 4 hospitali za kaunti ndogo kama Tudor, Portreitz na Likoni, na ya 5 ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Coast General, ambayo wenyeji bado wanaiita Makadara. Oktoba 2023 zilitiwa saini sheria nne za afya, mojawapo ikiwa ya huduma za afya za msingi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya.

Pamoja na hayo yote, mgonjwa wa presha asiye na tatizo jingine huvuka kwa feri alfajiri kutoka Likoni kwenda kupanga foleni kisiwani. Husemwa kwamba watu wanapenda hospitali kubwa. Sidhani. Watu wanafuata uhakika: wakifika watakuta dawa, maabara na mtu wa kuwaona. Zahanati iliyo dakika kumi kwa miguu ikimwambia mtu mara mbili mfululizo kwamba dawa imekwisha, mara ya tatu haendi, na ukimlaumu unamwonea.

Saa za kazi nazo zina lawama yake. Zahanati nyingi za umma hufuata saa za ofisi. Kibarua wa bandarini, mpishi wa hoteli ya Bamburi na dada wa kiwanda cha nguo wote hutoka kazini milango imefungwa. Lililo wazi ni duka la dawa. Huko atapata vidonge vya rangi tatu kwenye kikaratasi, hakuna jina, hakuna daftari, wala hakuna siku ya kurudi.

Tuchukue homa ya mtoto, maana ndiyo inayowatoa wazazi wengi nyumbani usiku. Mombasa homa ina baba wengi. Kuna malaria, kuna nimonia, kuna maambukizi ya mkojo ambayo kwa mtoto mdogo hayana dalili nyingine, na kuna homa za mbu wa mchana: chikungunya, iliyopiga mji huu mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, na dengi, ile ambayo Kiswahili tangu zamani kinaiita kidingapopo, iliyothibitishwa hapa 2013, ikarudi 2017 na tena 2021. Kwa siku mbili za mwanzo zote hufanana: mwili moto, kichwa, viungo, kukataa chakula.

Kipimo cha haraka cha malaria husaidia, lakini kina mambo mawili ambayo mzazi hana budi kuyajua. La kwanza ni muda. Tone la damu likishawekwa na dawa ikadondoshwa, jibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20 kulingana na aina ya kipimo. Anayesoma dakika ya tano kwa sababu foleni ni ndefu anaweza kumwambia mtu hana malaria ilhali anayo. La pili ni kwamba kipimo kinachotumika sana huangalia protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita akapata homa nyingine leo, kipimo hicho kinaweza kutoa mistari miwili tena. Daftari likiwepo, tabibu ataona tarehe ya dozi iliyopita na kuomba damu iangaliwe kwa darubini. Lisipokuwepo, mtoto hupewa dawa ya malaria mara ya pili, na ugonjwa wenyewe huachwa uendelee.

Dozi hiyo ya malaria pia huharibikia nyumbani. Ni mara sita kwa siku tatu: ya kwanza pale pale kliniki, ya pili saa 8 baadaye, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Hunywewa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo mwili haunyonyi dawa ya kutosha. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi hurudiwa, na hapo ndipo vidonge hupungua kwenye pakiti. Mama asiyeambiwa kwamba akipungukiwa arudi achukue vingine, huacha dozi ikiwa imebaki moja.

Dengi ndiyo inayotufundisha thamani ya kurudi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa mji huu. Haina dawa ya kuiua. Tiba yake ni maji ya kunywa kwa wingi, parasetamoli, na jicho linalomfuatilia mgonjwa. Hatari haiko siku homa inapopanda. Iko kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka na nyumbani wanashukuru Mungu. Wakati huo huo mishipa ya damu huweza kuanza kuvuja. Tumbo linauma sana, mtoto anatapika mfululizo, fizi au pua zinatoa damu, mikono inakuwa baridi, analegea au anahangaika bila sababu. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama jana alikuwa anacheza. Kwa hiyo tabibu anayemwona mwenye homa isiyo malaria na kumwambia tu "chukua hizi dawa" amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa tarehe ya kurudi na kumtajia dalili hizo moja moja, kwa Kiswahili anachokielewa.

Na hapa niseme la sindano. Watu wetu wengi huona hawajatibiwa bila sindano, na sindano ya maumivu inayochomwa mara nyingi ni diklofenaki. Kwa mwenye dengi, diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli inatosha: kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, isirudiwe kabla ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 150. Kijiko cha jikoni si kipimo, maana hakuna viwili vinavyolingana. Tumia kifuniko au bomba lililokuja na chupa.

Mbu wa dengi huuma mchana na huzaa kwenye maji safi yaliyotuama, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Mji ambao mifereji ya maji ya nyumbani hukauka siku nyingi ni mji wa madumu, mapipa na matangi, na kila pipa lisilo na kifuniko ni nyumba yake. Kumwaga maji hakutoshi, mayai hushika ukutani mwa pipa. Lazima lisuguliwe kwa brashi mara moja kwa wiki.

Nimonia ina kipimo kisichohitaji mashine, na kinachosikitisha ni jinsi kinavyorukwa. Mtoto akalishwe mapajani kwa mama, awe ametulia, halii wala hanyonyi. Shati lipandishwe hadi kifua na tumbo vionekane. Tabibu ahesabu tumbo linapoinuka, kwa dakika nzima, macho yakiwa kwenye kifua na saa pembeni. Kuhesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne hakufai, kwa sababu mtoto mdogo hupumua haraka kisha akatulia, na hesabu hiyo hudanganya pande zote mbili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 na zaidi ni nyingi. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta pumzi, hiyo ni dalili nzito zaidi. Na kwa ugonjwa wowote wa mtoto wa chini ya miaka mitano, dalili nne hazingojei foleni: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo apite mbele, na walio kwenye benchi wampishe.

Mwenye nimonia isiyo kali hupewa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji, mara mbili kwa siku kwa siku 5, na aonekane tena baada ya siku 2 au 3. Kurudi huku ndiko kunakojulisha kama dawa inamfaa. Akipumua vilevile au vibaya zaidi, dawa hubadilishwa au anapelekwa hospitali. Mzazi akiona nafuu siku ya pili, hukata dawa na kuiweka kwa mtoto mwingine. Akiona hapana nafuu, hubadilisha duka la dawa. Hali zote mbili zahanati haijui, na kwenye rejista yake mtoto huyo ameandikwa kuwa ametibiwa.

Kwa kuharisha nitasema machache tu, maana tiba ni rahisi na makosa yake ni yale yale. Soma pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini: kuna ya nusu lita na kuna ya lita moja. Pakiti ya nusu lita ikitiwa kwenye lita inakuwa maji tu, na pakiti ya lita ikitiwa kwenye nusu lita inakuwa chumvi inayoweza kumdhuru mtoto. Chupa tupu ya soda ya nusu lita ni kipimo kizuri. Maji yawe ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa. Yale ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za mjini huyatumia kuoshea, yasichanganyiwe dawa. Mtoto wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Zinki huendelea siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Wengi huacha hapo.

Chanjo ndiyo sehemu ya afya ya msingi iliyojengwa juu ya kurudi tangu mwanzo. BCG na matone ya polio mtoto akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Safari za wiki huenda vizuri kwa sababu mama bado yuko karibu na kliniki. Ile ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika: mtoto anatembea, mama amerudi kazini, na kitabu cha mama na mtoto kimewekwa chini ya nguo kabatini.

Lakini si mama peke yake. Kichupa kimoja cha BCG kina dozi 20, na cha surua na rubela kina 10. Poda ikishachanganywa na maji yake, kichupa kinatakiwa kitumike ndani ya saa 6 au kitupwe mwisho wa kikao, kwa sababu hakina kitu cha kuzuia vijidudu. Chanjo ya penta, inayokinga magonjwa matano, na ile ya nimokoka, kijidudu cha nimonia, ni tofauti. Kichupa kilichofunguliwa kikihifadhiwa vizuri kati ya nyuzi 2 na 8 kinaweza kutumika mpaka siku 28. Muuguzi aliyeletewa mtoto mmoja siku ya Alhamisi hujua akifungua kichupa cha surua atatupa dozi tisa, na ya mwezi huu ilikuja kidogo. Humwambia mama aje Jumanne, siku wanapokusanyika wengi. Namwelewa muuguzi, ila hesabu hiyo si sahihi. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwani dozi tisa zilizotupwa zina bei inayojulikana, na mama aliyeomba ruhusa kazini Alhamisi hatapewa nyingine Jumanne. Kaunti ndiyo inayopaswa kumwondolea muuguzi hofu hiyo, kwa kuagiza chanjo ikiwa imeshaweka kando kiasi kitakachotupwa.

Kwa watu wazima, ugonjwa unaotushinda kwa kukosa kurudi ni presha. Haiumi, na kwa hiyo haimrudishi mtu yeyote.

Makosa huanzia kwenye kupima. Mtu ameshuka tuktuk jua la saa sita, anakalishwa kwenye benchi, mkanda unafungwa juu ya shati, miguu inaning'inia, na muuguzi anamwuliza jina la mtaa huku mashine ikijaza upepo. Inasoma 152 kwa 94. Daftarini inaandikwa presha. Kipimo cha haki ni hiki: akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu na unaotosha mkono wake, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Asiwe ametoka kunywa kahawa chungu, kuvuta sigara au kutafuna muguka, na kama ana haja ndogo aende kwanza. Wakati wa kupima hapana mazungumzo. Hurudiwa baada ya dakika moja au mbili. Mwanamke aliyevaa buibui apewe pazia, asifungiwe mkanda juu ya nguo mbele ya watu. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa wa presha, isipokuwa namba iwe juu sana, 180 kwa 110 na kuendelea, ambayo haingoji.

Ukiangalia, hata utambuzi wenyewe unahitaji safari ya pili.

Kisha dawa. Amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku ni dawa nzuri na rahisi, lakini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalapri huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha, na haifai kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba. Asiyeambiwa haya mapema huona miguu imevimba, husema dawa inamwua figo, huiacha. Hasemi. Harudi. Baada ya miaka miwili analetwa na kiharusi, na walio nyumbani wanasema ilikuwa ghafla.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema mgonjwa aliyeanzishwa dawa aonekane kila mwezi mpaka presha ifike inapotakiwa, halafu kila miezi 3 hadi 6. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: aliyetulia kwa miaka anapewa vidonge vya wiki mbili au mwezi kwa sababu ghala ni dogo, huku mgeni aliyeanza jana haitwi. Kila safari ya kufuata vidonge 14 ni nauli na nusu siku ya kibarua. Mtu akiihesabu mara ishirini na sita kwa mwaka, anaacha, na mimi ningeona ajabu asipoacha. Aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu. Foleni itapungua kesho yake, na nafasi iliyobaki iwe ya mgeni.

Sukari hufuata njia hiyo hiyo, na Mombasa ina msimu wake ambao kliniki haiwezi kujifanya haiujui. Mgonjwa wa sukari anayetaka kufunga Ramadhani anapaswa kuonana na tabibu wake wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, na zahanati yenye kalenda inaweza kuwaita wote mwezi wa Rajabu. Anayetumia metformini pekee kwa kawaida hupangiwa dozi wakati wa futari na daku. Anayemeza glibenklamidi au kuchoma insulini yumo kwenye hatari ya sukari kushuka alasiri, na dozi yake lazima ipangwe upya, au aambiwe kwa heshima kwamba yeye ana udhuru. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita au juu ya 16.7, swaumu ifunguliwe muda huo huo, hata kama zimebaki dakika kumi kufika Magharibi. Kudunga kidole kupima hakuvunji saumu, na wanazuoni wengi wameshalisema hilo. Imamu akilirudia msikitini, huokoa watu kuliko bango la kliniki. Futari ya kaimati, viazi vya karai na juisi tamu kwa pamoja huipandisha sukari kwa kasi. Tende moja au mbili na maji, kisha swala, kisha chakula, ndiyo njia nyepesi.

Kwa wasio na friji: insulini inayotumika inaweza kukaa nje kama wiki nne, lakini joto la Februari na Machi chini ya mabati huiharibu. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, wenye mchanga mbichi pembeni na kichupa kikiwa ndani ya mfuko mkavu, huishusha joto vya kutosha. Mara nyingi hili halimo katika karatasi anayopewa mgonjwa akitoka.

Kinachonipa matumaini ni kwamba ujuzi wa kumrudisha mgonjwa tunao tayari, tena ndani ya ua ule ule. Kliniki za CCC, zinazohudumia wanaoishi na virusi vya Ukimwi, zina kitabu cha miadi. Asubuhi hutoa orodha ya wanaotarajiwa, jioni huona nani hakuja, na kesho yake simu inapigwa. Aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu au zaidi, na mfumo huo uliingia kwenye miongozo ya Kenya tangu 2016. Mgonjwa mwenye virusi na presha pamoja hujikuta ana nyumba mbili: chumba kimoja kinamjua kwa jina na kumpigia simu, na chumba cha pili, hatua ishirini pembeni, kinamwomba daftari.

Tofauti kubwa imeletwa na fedha. Ile ya Ukimwi ilikuja na masharti ya kuhesabu waliopotea. Ya zahanati hutoa hesabu ya waliofika. Fomu ya mwezi ya wagonjwa wa nje, MOH 705, ina mstari wa waliorudi, lakini ni jumla tu. Haisemi nani alitakiwa kurudi akakosa. Zahanati yenye wagonjwa mia tano wapya na hakuna anayerudi inaonekana ina shughuli nyingi, na ripoti yake inasifiwa.

Wahudumu wa afya ya jamii wangeweza kuziba pengo hilo. Septemba 2023 nchi nzima ilizindua takriban wahudumu 100,000, kila mmoja akiwa na nyumba kama 100 na mkoba wenye mashine ya presha, kipima sukari, kipima joto, mizani, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe huo kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali; kati ya hapo na 12.5, ni wa wastani. Vifaa ni vizuri. Lakini mhudumu akimpima bibi wa Kisauni na kumpeleka zahanati, zahanati haimrudishii habari. Hajui kama bibi alifika, alipewa nini, wala arudi lini. Mwezi ujao anampima tena, anamwandikia tena barua ya rufaa, na bibi anachoka.

SHA nayo inaeleweka vibaya mitaani, na kutoeleweka huko kunawafukuza watu. Huduma za zahanati na vituo vya afya hulipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi; mgonjwa anatakiwa awe amejisajili tu. Mchango wa asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unahusu mfuko mwingine, ule wa hospitali za ngazi za juu, na wasio na ajira rasmi huulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Mama mboga asiye na shilingi 3,600 mkononi akidhani hana haki ya kupimiwa mtoto zahanati, amedhulumiwa na ukimya wetu. Maelezo hayo yaandikwe kwa herufi kubwa langoni, kwa Kiswahili. Kwa upande wao, zahanati sasa zina sheria inayoziruhusu kubaki na fedha zinazoingiza, na hapo ndipo mkuu wa zahanati anaweza kununua amlodipini iliyokwisha bila kungoja gari la KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa. Kaunti izisimamie ziruhusiwe kweli, na fedha hizo zisizungushwe ofisini kwanza.

Mfumo wa kidijitali utakuja, na uje. Lakini siku umeme unapokatika au mtandao unapogoma, kuna njia isiyohitaji vyote viwili, ambayo wauguzi wa chanjo wanaijua zamani. Ni sanduku la mbao au la katoni lenye vizuizi 12, kimoja kwa kila mwezi. Kila mgonjwa wa presha, wa sukari, na kila mtoto anayesubiri chanjo ana kadi moja ngumu: jina, namba ya simu, namba ya jirani, msikiti au kanisa au duka lililo karibu na nyumba, na jina la mhudumu wa afya wa mtaa. Akitoka leo, kadi yake huwekwa kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Akirudi, inasogezwa mbele. Siku ya mwisho ya mwezi, kadi zilizobaki nyuma ya kizuizi ndizo orodha ya waliokosa. Zinatolewa, zinagawanywa kwa mtaa, na Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijaanza, kila mhudumu wa afya ya jamii anapewa zake mkononi: tatu za Majengo, mbili za Magogoni, moja ya Mtopanga.